Sikio Kabla ya Nota: Maisha ya Farrokh Bulsara wa Zanzibar na Somo la Muziki Shuleni

Muhula uliopita, tulipokuwa tukiwatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa la nne katika shule moja ya hapa Kirumba. Kipindi kilikuwa cha muziki. Mwanachuo alikuwa na andalio zuri la somo. Aliandika ubaoni ngazi ya solfa kuanzia do hata do ya juu, akaeleza jina la kila nota, kisha akawataka watoto wanakili. Wenzake walipokuwa wakinakili, mtoto mmoja aliyeketi karibu na dirisha alianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo uliokuwa ukitoka katika redio ya duka la jirani. Hakukosea mahadhi hata mahali palipopanda na kushuka ghafla. Mwalimu alimnyamazisha, akamwambia kwamba wakati wa kuimba ulikuwa haujafika. Kengele ikalia, na wakati wa kuimba haukufika.

Hatusimulii jambo hili ili kumlaumu mwanachuo huyo. Alifundisha kama tulivyomfundisha sisi wakufunzi wake: nota kwanza, wimbo baadaye. Tangu siku ile tumejiuliza kama utaratibu huo ni sahihi. Katika kutafuta jibu tumeyapitia maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika visiwa vya nchi yetu, akawa mpiga piano, mwimbaji na mtunzi aliyejulikana dunia nzima. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury.

Utoto wake

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba, 1946, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakati visiwa vikiwa chini ya himaya ya Waingereza. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, yaani watu ambao mababu zao walitoka Uajemi wakaishi Bara Hindi kwa karne nyingi, wakiishika dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali ya kikoloni. Mtoto alianza masomo katika shule ya wamisionari hapo hapo mjini.

Alipofika umri wa miaka 8, wazazi walimpeleka Bara Hindi katika shule ya bweni ya wavulana ya St Peter's, iliyoko Panchgani, mji wa milimani katika eneo la Bombay. Safari ilikuwa ya meli, na mtoto aliishi mbali na nyumbani kwa miaka mingi. Wenzake wa shule ndio waliomwita Freddie.

Barua ya mwalimu mkuu

Hapa ndipo mwalimu anapoingia katika habari hii. Inasimuliwa kwamba mwalimu mkuu wa shule hiyo alitambua kuwa mtoto huyu alikuwa na kipaji cha muziki, akawaandikia wazazi wake Zanzibar kupendekeza afundishwe piano kwa kuongeza ada kidogo. Wazazi walikubali. Farrokh akajifunza piano, akaimba katika kwaya ya shule, akafanya mitihani ya muziki na kufaulu hadi daraja la nne, kwa vitendo na kwa nadharia.

Yafaa ieleweke kwamba mitihani ya aina hiyo ina madaraja 8. Kwa kipimo cha vyeti, basi, Farrokh alifika nusu ya njia tu, na elimu yake rasmi ya muziki ilikomea hapo. Lakini wanafunzi wenzake waliona jambo lingine ambalo halikuandikwa katika cheti chochote. Wimbo ukipigwa redioni, yeye aliusikiliza, kisha akaenda kwenye piano na kuupiga. Mwaka 1958 yeye na wavulana wenzake wanne waliunda bendi ya shule, wakaiita The Hectics, naye akawa mpiga piano wao. Kwa hiyo katika shule ile ile alipata malezi mawili. Mwalimu wa piano alimpa nota, vidole sahihi na nadharia. Redio na wenzake walimpa mazoezi ya sikio. Malezi haya mawili hayakupingana, wala hakuna aliyemwambia anyamaze mpaka amalize la kwanza.

Kutoka Zanzibar hadi Uingereza

Mwaka 1963 alirudi Zanzibar. Mwezi Januari, 1964, yalitokea Mapinduzi, na katika mwaka huo familia yake ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham karibu na London. Hakwenda chuo cha muziki. Alisomea sanaa ya uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akapata stashahada yake mwaka 1969. Mwaka 1970 aliungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, wakaanzisha bendi ya Queen. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka 1971. Wakati huo ndipo Farrokh alipojipa jina la Mercury.

Mambo aliyoyapenda

Mtunzi hujulikana kwanza kwa yale anayoyasikiliza. Mercury hakujifungia katika muziki wa aina moja. Alimpenda Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Kimarekani. Alimpenda pia Aretha Franklin, ambaye sauti yake ililelewa katika nyimbo za kanisa za Wamarekani weusi, na Liza Minnelli, mwimbaji wa jukwaa la maonyesho. Pamoja na hao alivutwa na opera, yaani tamthiliya ambayo maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, huku okestra ikisindikiza. Aliwasikiliza waimbaji wakubwa wa opera kama Luciano Pavarotti wa Italia na Montserrat Caballé wa Hispania. Mwaka 1979 alithubutu hata kuimba na kucheza pamoja na wachezaji wa baleti ya kifalme ya Uingereza katika onyesho la hisani mjini London.

Kilichomvutia katika opera ni ukubwa wake: sauti inayopanda mpaka mwisho wa uwezo wa binadamu, kwaya inayoingia kwa ghafla, huzuni na kichekesho vinavyofuatana bila kuombana radhi. Hakuiga opera kama mwanafunzi anavyonakili ubaoni. Aliichukua akaichanganya na muziki wa vijana wa wakati wake, na mchanganyiko huo ukawa wake mwenyewe.

Namna alivyotunga

Mercury alitunga akiwa kwenye piano. Husimuliwa kwamba miaka ya mwanzo aliweka piano kichwani mwa kitanda, ili wazo likimjia usiku aweze kunyoosha mikono nyuma na kulijaribu bila kuinuka. Kwa kuwa alitungia piano, nyimbo zake nyingi zilikuwa katika funguo zinazotumia vibao vingi vyeusi, funguo ambazo wapiga gitaa huziona ngumu. Wenzake walilazimika kujifunza mkao mpya wa vidole ili kumfuata.

Hakuandika nyimbo zake kwa nota kamili katika mistari mitano. Aliandika herufi za akodi katika vipande vya karatasi, na mengine yote aliyabeba kichwani. Wenzake wameeleza kwamba alifika studioni akijua kila sauti itaingia wapi, ingawa karatasi yake haikuonyesha zaidi ya safu za herufi.

Wala hakujiona kuwa bingwa wa piano. Alikuwa na wasiwasi kupiga mbele ya watu, na katika miaka ya 1980 aliwaachia wapigaji wengine sehemu kubwa ya kazi hiyo jukwaani. Piano kwake ilikuwa chombo cha kufikiria, kama ubao na chaki vilivyo kwa mwalimu wa hesabu.

Kuna wimbo mmoja unaotufundisha zaidi katika jambo hili. Mwaka 1979, akiwa hotelini mjini Munich, Ujerumani, lilimjia wazo akiwa anaoga. Aliuita wimbo huo Crazy Little Thing Called Love. Aliutunga kwa gitaa, chombo alichokijua kidogo sana, kwa muda wa dakika chache. Baadaye alieleza kwamba uchache wa akodi alizozijua ulimsaidia, kwa maana ulimlazimisha kutunga jambo fupi na lililonyooka. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mwalimu anayelalamika kwamba shule yake haina piano wala kinanda yampasa aukumbuke wimbo huu.

Wimbo wa mwaka 1975

Kazi yake iliyojulikana kuliko zote ni Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 1975 katika albamu ambayo jina lake lenyewe lataja usiku wa opera. Wimbo una urefu wa karibu dakika 6, wakati nyimbo za redio za siku zile zilikuwa za dakika 3 hivi. Tena hauna kiitikio kinachorudiwa. Huanza kwa sauti za binadamu pasipo ala, ukaingia sehemu ya taratibu inayoongozwa na piano, likafuata gitaa, kisha opera ya kuchekesha, kisha muziki wa kishindo, na mwisho ukarudi katika utulivu wa mwanzo.

Sehemu ya opera ndiyo inayomhusu zaidi mwalimu wa kwaya. Msikilizaji hudhani anasikia kwaya ya watu wengi. Walioimba walikuwa watatu tu: Mercury, May na Taylor. Taylor alichukua sauti za juu kabisa, Mercury zile za kati, na May zile za chini. Waliimba sehemu moja, wakainasa, wakaimba nyingine juu yake, wakainasa tena, siku baada ya siku kwa muda wa wiki 3 hivi. Utepe ulipitishwa katika mashine mara nyingi mno hata ukaanza kuchakaa. Katika maneno ya sehemu hiyo majina ya Kitaliano hukutana na neno bismillahi, ambalo kila mtoto wa Mji Mkongwe analijua.

Wapo waliodhani redio hazingekubali wimbo mrefu namna hiyo. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Mwaka uliofuata, 1976, Mercury alitumia mbinu hiyo hiyo katika wimbo Somebody to Love. Safari hii sauti zile tatu zilirundikwa ili kufanana na kwaya ya kanisa la Wamarekani weusi, kwa heshima ya Aretha Franklin.

Kiongozi na waitikiaji

Tarehe 13 Julai, 1985, Queen walipiga katika uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la Live Aid lililokusanya fedha kwa ajili ya waliokumbwa na njaa Ethiopia. Walipewa dakika kama 20, na uwanjani palikuwa na watu wapatao 72,000. Mercury alisimama mbele yao bila ala yoyote, akatoa sauti fupi isiyo na maneno, nao wakaijibu. Akatoa nyingine ndefu kidogo, wakaijibu. Akaipandisha, wakapanda naye.

Msomaji wa pande hizi za ziwa hatashangaa. Manju wa ngoma ya Kisukuma hufanya hivyo hivyo, awe wa Bagika au wa Bagalu: hutoa, na umati huitikia. Hakuna anayegawiwa karatasi. Umati hujifunza wimbo kwa kuuimba, na kosa la mmoja hufunikwa na wengi mpaka alisahihishe mwenyewe. Hatuna ushahidi kwamba Mercury aliipata njia hiyo Afrika, wala hatuhitaji kuutafuta. Njia hiyo ni ya wanadamu wote, nasi tunayo mlangoni petu.

Pale nota zilipohitajika

Ingekuwa ni udanganyifu kuishia hapo na kusema kwamba nota hazina maana. Mwaka 1983 Mercury alikwenda katika jumba la opera la Covent Garden, London, kumsikiliza Pavarotti katika opera ya Verdi iitwayo Un ballo in maschera. Aliyemtia msisimko usiku ule akawa ni Caballé. Mwaka 1987 walikutana Barcelona, mji wa mama huyo, wakakubaliana kuimba pamoja. Albamu yao, Barcelona, ilitoka mwaka 1988.

Katika kazi hiyo Mercury hakuwa peke yake. Alishirikiana na Mike Moran, mpiga piano na mtunzi aliyesomea muziki, ambaye alitunga naye na kupanga sehemu za ala. Mercury aliimba mwenyewe sehemu za mama huyo kwa sauti nyembamba ya juu na kuzinasa, ili azisikie. Lakini mwimbaji wa opera, na wapigaji wa okestra, hufanya kazi kwa maandishi. Sikio la Mercury lilimfikisha mlangoni pa jumba hilo, na maandishi ya mwenziwe yakamwezesha kuingia. Mwanafunzi ambaye hatujampa nota kabisa atamhitaji mtu kama Moran maisha yake yote, na si kila mtu atampata.

Mwisho wa maisha yake

Wakati albamu hiyo inatengenezwa Mercury alikuwa tayari ameambukizwa ugonjwa wa UKIMWI. Aliendelea kuimba studioni hata alipokuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Tarehe 23 Novemba, 1991, alitangaza ugonjwa wake hadharani, na siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yalifanywa kwa taratibu za dini ya wazazi wake. Wimbo ule wa mwaka 1975 ulirudi katika nafasi ya kwanza Uingereza, na mwaka 1992 wimbo wa Barcelona ulisikika tena wakati mji huo ulipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki. Mwaka 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, katika Mji Mkongwe alikozaliwa.

Mwalimu afanye nini?

Kutokana na maisha haya twapendekeza utaratibu ufuatao kwa kipindi cha muziki cha dakika 40.

Kwanza, kipindi kianze kwa wimbo. Mwalimu aimbe sentensi moja fupi, darasa liitikie; airudie mpaka iwe imara, ndipo aendelee na ya pili. Ubao ubaki mtupu.

Pili, watoto waonyeshe kwa mkono mahali sauti inapopanda na inaposhuka. Hapo sikio limeanza kupima umbali kati ya sauti na sauti, ambalo ndilo kusudi lenyewe la ngazi ya solfa.

Tatu, ndipo mwalimu aandike ubaoni nota za sentensi ile ile ambayo watoto wamekwisha kuiimba. Sasa do na so si majina matupu tena, kwani mtoto ana kitu cha kuyafungia.

Nne, darasa ligawanywe makundi matatu: la kwanza lishike sauti moja ya chini bila kuiacha, la pili liimbe mahadhi, la tatu lipige makofi kwa mapigo. Watu watatu walijenga kwaya nzima studioni; watoto 60 wa Kirumba hawatashindwa kujenga sauti tatu.

Tano, mwalimu awe na daftari la kuandika majina ya watoto ambao sikio lao limemshangaza, na azungumze na wazazi wao. Barua ya mwalimu mkuu wa Panchgani iligharimu stempu moja.

Tulipomaliza kipindi kile cha darasa la nne tulikaa na mwanachuo wetu chini ya mwembe tukazungumza. Wiki iliyofuata alifundisha tena, akaanza kwa wimbo. Yule mtoto wa dirishani aliombwa aongoze. Hatujui atakuwa nani. Huenda atakuwa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, na nyimbo zake zisisikiwe na mtu mbali na wenzake wa kazi. Hata hivyo ana haki ya kuimba katika kipindi kinachoitwa cha muziki, nasi tuna wajibu wa kumsikiliza kabla ya kumpa chaki.

Mambo ya kujadili

1. Kwa nini ni vigumu kwa mtoto kujifunza jina la nota ambayo hajawahi kuiimba? Linganisha na ufundishaji wa kusoma na kuandika.

2. Tayarisha andalio la somo la muziki la darasa la tatu ukitumia wimbo wa kuitikizana wa eneo unakotoka, pasipo ala yoyote ya kununuliwa.

3. Mercury alipata faida gani kwa kutotegemea nota, na alipata upungufu gani? Mwalimu awezeje kumpa mwanafunzi faida hiyo bila upungufu huo?